Jina Linalochelewa: Istilahi ya "Kifafa cha Mimba" na Lugha ya Tiba ya Uzazi kati ya Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Tafiti kubwa za tiba zilizofanywa katika miongo miwili iliyopita zimeonesha kwamba matatizo mengi yanayoua wajawazito yanaweza kuzuilika iwapo yatatambuliwa mapema. Utambuzi huo wa mapema hutegemea vipimo na dawa, lakini hutegemea pia maneno ambayo mama, jamaa zake na mhudumu wa afya wanayatumia kuutaja ugonjwa. Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili za matatizo ya ujauzito katika mazingira ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na hospitali za rufaa za Lilongwe, nchini Malawi, ambako Kiswahili hukutana na Chichewa na Kiingereza. Hoja kuu ni kwamba istilahi iliyozoeleka zaidi, yaani "kifafa cha mimba", huutaja ugonjwa kwa dalili yake ya mwisho, ilhali tiba iliyothibitishwa na utafiti hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mwanzoni. Makala yanaonesha pia namna maneno ya damu, ya kuharibika kwa mimba na ya ridhaa ya kushiriki utafiti yanavyoweza kupotosha maana, kisha yanatoa mapendekezo kwa watunga sera na kamati za maadili ya utafiti.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi ambao hadi leo ndio msingi wa kufikiri kuhusu vifo vya uzazi. Waligawa sababu za vifo hivyo katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata tiba stahiki baada ya kufika. Mgawanyo huu umetumiwa sana kupanga magari ya wagonjwa, vyumba vya upasuaji na akiba ya damu. Mara chache umetumiwa kuchunguza lugha, ingawa lugha imo katika kila hatua. Mama huamua kwenda hospitali kwa kuwa ameyaita maumivu yake kwa jina linalomtia hofu au linalomtuliza. Msafara wake huanza pale anapoeleweka na mtu mwenye uwezo wa kuita gari. Akishafika, tiba yake huanza pale muuguzi anapoelewa kilichompata na tangu lini.

Malawi imepiga hatua katika kupunguza vifo vya uzazi. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulikadiria vifo 984 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2004, 675 mwaka 2010, na 439 katika uchunguzi wa 2015 hadi 2016. Mwelekeo huo ni wa kutia moyo. Hata hivyo, wastani wa taifa hauoneshi hali ya makundi madogo ambayo lugha yao si lugha ya kituo cha afya. Mojawapo ya makundi hayo ni wazungumzaji wa Kiswahili wa Dzaleka.

2.0 Muktadha wa Kilugha

Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, takriban kilomita 40 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi ilikuwa gereza lililohofiwa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi mwaka 1994, ikikusudiwa kuhifadhi watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Katika miaka ya karibuni idadi ya wakazi imepita 50,000. Agizo la serikali la mwaka 2023, lililowataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini kurejea kambini, liliongeza msongamano huo. Wakazi wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali.

Kiswahili ndicho kiunganishi kikuu cha wakazi hao. Hata hivyo, si Kiswahili kimoja. Aliyetoka Kivu huleta lahaja iliyochanganyika na Kifaransa, ambamo shinikizo la damu huitwa "tansiyo". Aliyekulia katika kambi za Tanzania huliita "presha". Aliyejifunza Kiswahili akiwa mtu mzima, kutoka katika Kirundi au Kinyarwanda, hupungukiwa zaidi na msamiati wa mwili na uzazi, kwa sababu mambo hayo huzungumzwa nyumbani kwa lugha ya mama.

Kituo cha afya cha Dzaleka huwahudumia wakimbizi pamoja na wanavijiji wa Malawi wanaokizunguka. Hali inayozidi uwezo wa kituo hupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Hivyo safari ya rufaa ni safari ya lugha pia. Malalamiko hutolewa kwa Kiswahili, mahojiano hufanyika kwa Chichewa au kupitia mkalimani, na barua ya rufaa huandikwa kwa Kiingereza. Katika kila kivuko kuna kinachoongezwa na kinachopotea, na mwenye mwili unaougua ndiye mara nyingi asiyeweza kuisoma barua inayomhusu.

3.0 Utafiti wa Tiba Unasema Nini

Ili kuona ni kwa nini maneno yana uzito, ni lazima kwanza kueleza kile ambacho utafiti wa tiba umekithibitisha.

Prieklampsia ni hali inayoanza kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Chanzo chake kinahusishwa na namna kondo la nyuma linavyojishikiza na kupata damu. Shinikizo la damu hupanda kufikia 140/90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Mama anaweza kuumwa kichwa kikali, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, au kuhisi maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Wengine hawahisi chochote, na kipimo cha shinikizo la damu ndicho pekee kinachoidhihirisha hali hiyo. Ikiachwa, inaweza kufikia eklampsia, yaani mitukutiko ya mwili mzima na kupoteza fahamu, ambayo huhatarisha maisha ya mama na mtoto.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Magpie, uliowahusisha wanawake 10,141 wenye prieklampsia katika nchi 33. Waliopewa salfeti ya magnesiamu walipata upungufu wa asilimia 58 katika hatari ya kufikia mitukutiko, wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na sasa imo katika miongozo ya nchi nyingi, Malawi ikiwemo. Kwa wanawake walio katika hatari kubwa, Shirika la Afya Duniani hupendekeza pia aspirini ya kiwango kidogo, nayo huanza kutumiwa kabla ya nusu ya pili ya ujauzito. Jambo la kuzingatia ni wakati: Magpie ilionesha faida ya kumtibu mama kabla hajatukutika.

Fundisho kama hilo limejitokeza katika tatizo la kutokwa na damu baada ya kujifungua. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, uliwahusisha wanawake zaidi ya 210,000. Badala ya kukadiria damu kwa macho, wakunga waliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, kisha wakatoa tiba kadhaa kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe. Utambuzi wa kutokwa na damu kupita kiasi ulikuwa asilimia 93, ikilinganishwa na asilimia 51 katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kutokwa damu, yalipungua kwa asilimia 60. Utafiti mwingine, WOMAN, uliochapishwa mwaka 2017 kutoka kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionesha kuwa asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vinavyotokana na kutokwa damu, na kwamba inafaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Tafiti hizi tatu, zikisomwa pamoja, zinakubaliana juu ya jambo moja: dawa ipo, na kinachoamua mafanikio yake ni mapema kiasi gani tatizo linatambuliwa. Swali la mwanaisimu linafuata hapo: je, majina yanayotumiwa humsaidia mama kutambua mapema?

4.0 Uchambuzi wa Istilahi

4.1 "Kifafa cha mimba"

Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, eklampsia huitwa kifafa cha mimba. Jina hili limeenea katika vyombo vya habari, katika kliniki na katika mafunzo ya wahudumu, na mara nyingi hutumiwa kwa hali zote mbili, prieklampsia na eklampsia. Lina sifa njema za istilahi: ni fupi, limeundwa kwa maneno yaliyomo katika lugha, na linatoa taswira ya wazi. Udhaifu wake umo katika taswira hiyohiyo. Msikilizaji anapoambiwa ajihadhari na kifafa cha mimba, anachokitarajia ni kifafa. Mwenye kichwa kinachogonga na uso uliovimba hajioni katika jina hilo, kwa kuwa hajaanguka. Atakapoanguka, wakati bora wa kutumia salfeti ya magnesiamu utakuwa umekwisha kupita.

Si Kiswahili pekee chenye tatizo hili. Neno eklampsia lenyewe limetokana na Kigiriki likiwa na maana ya mwangaza unaochomoza ghafla, na neno prieklampsia limeundwa kwa kuongeza kiambishi cha "kabla". Sayansi nayo iliutambua mwisho kwanza, kisha ikauita mwanzo kwa jina la mwisho. Tofauti ni kwamba daktari ana kipimo cha shinikizo la damu cha kufidia upungufu wa jina, lakini mama aliye nyumbani ana jina tu.

Tatizo la pili ni uhusiano wa jina hili na kifafa cha kawaida. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyefanya kazi Mahenge, Tanzania, kuanzia miaka ya 1960, aliandika kwa kina juu ya hofu na unyanyapaa uliowazunguka wagonjwa wa kifafa, ikiwemo imani kwamba ugonjwa huo huambukiza na hofu ya kumgusa mtu aliyeanguka. Katika Chichewa kifafa huitwa "khunyu", neno ambalo nalo limebeba hofu za aina hiyo. Mkalimani anayetafsiri kifafa cha mimba neno kwa neno huvihamisha vyote viwili, ugonjwa na aibu yake, na anaweza kumfanya muuguzi aulize historia ya khunyu katika ukoo badala ya kupima shinikizo la damu mara moja.

Kiswahili kina funzo la zamani kuhusu jambo hili. Mwaka 1996 Makemba na wenzake walichapisha utafiti kutoka Bagamoyo kuhusu "degedege". Walionesha kwamba wazazi waliuona ugonjwa huo kuwa tofauti na homa ya malaria na kuuhusisha na nguvu zisizo za kawaida, kwa hiyo watoto wengi walipelekwa kwanza kwa waganga wa jadi. Wazazi hao walikuwa wametambua dalili, tena haraka. Jina ndilo lililowaelekeza kwingine. Kwa msemaji wa Kiswahili, degedege na kifafa ni majirani wa maana, na njia iliyopitiwa na neno moja inaweza kupitiwa na jingine.

4.2 Damu inayopanda, inayopungua na inayotoka

Kundi la pili la istilahi linahusu damu. Kiswahili husema shinikizo la damu, upungufu wa damu na kutokwa na damu. Chichewa nacho hutumia "magazi" katika semi tatu zinazolingana: "kuthamanga kwa magazi" kwa shinikizo la juu, "kuchepa kwa magazi" kwa upungufu, na "kutaya magazi" kwa kupoteza damu. Kwa Mmalawi hakuna utata. Lakini msemaji wa Kiswahili anayejifunza Chichewa hujua mapema kwamba kuthamanga ni kukimbia. Akiambiwa kwamba magazi yake yanathamanga, anaweza kuelewa kwamba damu yake inatiririka, kisha akajibu kwa ukweli mtupu kwamba hajaona damu yoyote. Muuguzi atasikia mgonjwa anayekana hali ambayo mashine imeionesha, na mgonjwa atasikia muuguzi anayezungumzia damu isiyokuwepo.

Neno "presha", linalopendwa na wengi, lina utata wake. Katika Kiswahili cha mazungumzo presha ni msukumo wa maisha pia: madeni, wasiwasi, ugomvi wa nyumbani. Mjamzito anayeambiwa ana presha anaweza kuelewa kwamba ana mawazo mengi na kwamba dawa yake ni kupumzika. Katika kambi ambamo kila mtu ana mawazo mengi, tafsiri hiyo ni rahisi mno kuaminika.

Kuhusu kutokwa na damu, ushauri wa kawaida humwambia mama arudi kituoni akiona "damu nyingi". E-MOTIVE imeonesha kwamba hata mkunga aliyesomea kazi hukosea akikadiria kwa jicho. Neno "nyingi" ni jicho lililogeuzwa kuwa kivumishi. Aidha, mila nyingi huiona damu ya baada ya kuzaa kuwa uchafu unaopaswa kutoka ili mzazi asafike, kwa hiyo wingi wake unaweza hata kupokewa kwa faraja. Maelezo yanayotaja vitu vinavyoonekana, kwa mfano nguo ngapi zimelowa na kwa muda gani, hufanya nyumbani kazi iliyo karibu na ile ya mfuko wenye vipimo hospitalini.

4.3 "Mimba": neno moja, lugha mbili

Neno "mimba" limo katika Kiswahili na Chichewa, na ufanano huo ndio hatari yake. Katika Kiswahili ni ujauzito. Katika Chichewa huweza kutaja ujauzito, lakini ni tumbo pia: "m'mimba" ni ndani ya tumbo, na "kutsegula m'mimba" ni kuhara. Kwa ujauzito, Chichewa hutumia zaidi "pakati", neno ambalo pia lina maana ya katikati. Mama wa Dzaleka anayesema kwamba mimba inamsumbua anaweza kusikika kama mtu mwenye maumivu ya kawaida ya tumbo, hasa katika miezi ya mwanzo ambapo ujauzito hauonekani. Kama ana mimba iliyotungwa nje ya mfuko wa uzazi, saa chache za kutibiwa kama mgonjwa wa tumbo zinaweza kuwa ndizo zote alizokuwa nazo.

Uangalifu zaidi unahitajika katika maneno ya kuharibika kwa mimba. Kiswahili hutenganisha "mimba imetoka" na "ametoa mimba" kwa tofauti ndogo ya kitenzi: "toka" na "toa". Chichewa huweka umbali mkubwa zaidi, kikisema "kupita padera" kwa mimba iliyoharibika yenyewe na "kuchotsa mimba" kwa iliyotolewa. Mkalimani asiye na mafunzo anaweza kuivuka tofauti hiyo ya Kiswahili bila kujua, naye mama akaandikwa kuwa ametenda jambo ambalo sheria ya Malawi imeliwekea mipaka mikali. Hofu ya kuandikwa hivyo inatosha kumfanya mwanamke anayevuja damu abaki nyumbani.

5.0 Lugha ya Ridhaa katika Utafiti

Malawi ni miongoni mwa nchi za Afrika ambako utafiti wa uzazi umefanywa kwa wingi. Utafiti wa REVAMP, uliochapishwa mwaka 2023, ulilinganisha madini ya chuma yanayopitishwa katika mshipa na vidonge vya chuma kwa wajawazito 862 wa Zomba na Blantyre wenye upungufu wa damu. Haukuona tofauti ya kutosha katika upungufu wa damu kwenye wiki ya 36. Utafiti wa AIMS, uliochapishwa mwaka 2019, ulifanywa Malawi, Tanzania, Uganda na Pakistani kwa wanawake 3,412 waliosafishwa kizazi kwa upasuaji baada ya mimba kuharibika, ili kupima kama viuavijasumu vya kinga huzuia maambukizi. Utafiti wa APT-Sepsis, uliofanywa Malawi na Uganda, ulionesha mwaka 2025 kwamba mpango wa kuboresha usafi wa mikono, kinga na utambuzi wa mapema wa maambukizi hupunguza vifo na madhara makubwa yanayotokana na maambukizi ya uzazi kwa takriban theluthi moja.

Washiriki wa tafiti za tiba nchini Malawi hupewa maelezo kwa lugha wanayoielewa, na kwa kawaida fomu za ridhaa huandaliwa kwa Kiingereza na Chichewa. Mzungumzaji wa Kiswahili huangukia katika mojawapo ya hali mbili: huachwa nje ya utafiti kwa sababu ya lugha, au huridhia kwa maelezo ya mdomo ya mtu asiyeandaliwa. Hali ya kwanza humnyima mchango wake katika maarifa yanayomhusu. Ya pili humnyima haki yake.

Kuandaa fomu ya Kiswahili hakutoshi iwapo istilahi zake zitachukuliwa bila kupimwa. Kwa mfano, kile kidonge kisicho na dawa kinachotumiwa kwa ajili ya kulinganisha huitwa mara nyingi "dawa bandia". Katika Kiswahili cha kila siku, dawa bandia ni bidhaa ghushi ambayo mamlaka za dawa huikamata na kuiteketeza. Mama akisoma kwamba nusu ya washiriki watapewa dawa bandia ana kila sababu ya kukataa, au ya kukubali bila kuuliza huku akiamini kwamba masikini hawana chaguo. "Kidonge kisicho na dawa ndani yake" ni maelezo marefu, lakini ni ya kweli. Vivyo hivyo kwa ugawaji wa nasibu. "Bahati nasibu" huashiria mchezo wenye mshindi wa zawadi, hivyo aliyepangiwa tiba mpya hujiona ameshinda, ilhali ubora wa tiba hiyo bado haujajulikana. Chichewa hutumia "mayere", yaani kura ya kupiga, neno ambalo husisitiza usawa zaidi ya ushindi. Katika Kiswahili, "kugawanywa kwa kura bila kuchagua" hukaribia maana hiyo, mradi ielezwe kwamba si kura ya uchaguzi. Katika utafiti wa aina ya REVAMP, mtafsiri angepaswa pia kutenganisha kwa uwazi dripu ya madini ya chuma na kuongezewa damu, kwa kuwa tiba ya "upungufu wa damu" kupitia mshipani hueleweka kwa urahisi kuwa ni damu ya mtu mwingine.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, istilahi ya kifafa cha mimba isifutwe. Imeshika mizizi, na kuiondoa kungevuruga kampeni zilizokwisha kuaminika. Kinachopendekezwa ni kuibakiza kwa ajili ya mitukutiko, na kuipa hatua ya awali jina lake, kama vile "shinikizo la damu la mimba", huku "presha ya mimba" na "tansiyo ya mimba" zikikubaliwa katika mazungumzo. Kwa kuwa kila moja ina utata ulioelezwa hapo juu, majina hayo yajaribiwe kwa wanawake wenyewe kabla ya kuchapishwa: waulizwe wanaelewa nini na wangefanya nini wakiyasikia.

Pili, kadi ya dalili za hatari ichapishwe kwa Kiswahili na Chichewa ubavu kwa ubavu, ikianza na kile mama anachohisi au kukiona (kichwa, macho, uvimbe, maumivu chini ya mbavu, nguo zilizolowa), kisha ndipo jina la ugonjwa. Kadi ya namna hiyo humwezesha mama kumwonesha muuguzi mstari unaomhusu kwa kidole, hata usiku ambapo mkalimani hayupo.

Tatu, ukalimani wa wodi ya wazazi utambuliwe kuwa sehemu ya tiba. Mume, jirani au mtoto wa shule hawafai kuwa daraja katika mazungumzo kuhusu damu na mimba, kwa sababu kuna mambo ambayo mama hatayasema mbele yao. Wanawake wa kambini wafunzwe msamiati wa uzazi na usiri, walipwe, na namba zao ziwepo katika vituo vyote vya njia ya rufaa, kuanzia Dzaleka na Dowa hadi Lilongwe.

Nne, kamati za maadili ya utafiti ziwatake watafiti waeleze watakavyowashirikisha wazungumzaji wa Kiswahili pale ambapo eneo la utafiti linapokea rufaa kutoka Dzaleka, na zipime uelewa badala ya kuhesabu saini.

Tano, vikundi vya wanawake vitumiwe kama mahali pa kuunda na kusambaza istilahi. Katika wilaya ya Mchinji, magharibi ya Lilongwe, mradi wa MaiMwana ulipima vikundi ambamo wanawake walijadili wenyewe matatizo ya uzazi na kupanga hatua. Matokeo yake yalijumuishwa mwaka 2013 katika uchambuzi wa tafiti saba kutoka Malawi, Nepali, India na Bangladeshi, uliohusisha vikundi hivyo na kupungua kwa vifo vya akina mama na vya watoto wachanga, hasa pale ambapo walau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo. Kwa jicho la mwanaisimu, vikundi hivyo vilifanya kazi kwa kuwa wanawake waliyapa matatizo majina wanayoyaelewa.

Mwisho, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019, mjini Dar es Salaam. Uamuzi huo umezungumzwa zaidi katika muktadha wa mikutano na biashara. Kamusi ndogo ya pamoja ya istilahi za uzazi, ya Kiswahili na lugha za nchi wanachama kama Chichewa, ingeufikisha pia katika wodi ya wazazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba istilahi njema hutibu. Mama aliyeelewa kila neno bado anahitaji gari, dawa, damu salama na daktari wa upasuaji, na msongamano wa Dzaleka hauondolewi na kamusi. Hata hivyo, Magpie, WOMAN na E-MOTIVE zimeonesha kwamba tiba ya matatizo ya uzazi ni mbio dhidi ya saa. Saa hizo huanza kuhesabiwa nyumbani, kwa mwanamke anayejiuliza kama kichwa chake kinastahili safari ya kituoni. Akiwa na neno moja tu, nalo ni la kuanguka, atasubiri mpaka aanguke. Wajibu wa wanaistilahi, wakishirikiana na watafiti wa tiba na watunga sera, ni kumpa neno atakaloweza kulitumia angali amesimama.